Glaida yenye mtelezo mrefu na uamuzi unaochelewa

Rubani anayetoka kwenye glaida ya mafunzo kwenda kwenye glaida ya daraja la juu huambiwa tarakimu moja kabla ya nyingine zote: uwiano wa mtelezo. ASK 21, glaida ya viti viwili iliyofundishia marubani wengi Ujerumani na kwingineko, husonga mbele takriban mita 34 kwa kila mita moja inayoshuka katika hewa tulivu. LS4, ya kiti kimoja na mabawa ya mita 15, husonga takriban mita 40. Zile za kisasa za mita 18 zimevuka 50, na Eta, ambayo mabawa yake yanakaribia mita 31 kutoka ncha hadi ncha, ilibuniwa kufikia 70. Tarakimu hizi ni za kweli, ila wengi wanazisoma vibaya. Wanadhani wamenunua umbali. Kwa maoni yangu walichonunua ni nafasi ya kuchagua: mkondo upi wa kupandia, njia ipi ya kufuata, shamba lipi la kutua. Rubani anayeitumia nafasi hiyo kuahirisha uamuzi ameipoteza faida yote ya glaida yake, na mara nyingine hupoteza na glaida yenyewe.

Kwa asiyeujua mchezo huu, glaida ni ndege isiyo na injini. Hurushwa kwa winchi iliyo ardhini, au huvutwa kwa kamba na ndege yenye injini hadi kimo cha mita 600 hivi, kisha kamba huachiwa. Kuanzia hapo rubani hutafuta hewa inayopanda, yaani mkondo, huzunguka ndani yake kama afanyavyo mwewe, akipata kimo huondoka na kutelezea mkondo mwingine. Safari ya masafa huanza pale unapoondoka mahali ambapo bado ungeweza kurudi kutua uwanjani kwako. FAI, shirikisho la dunia la michezo ya anga, hutoa beji ya fedha kwa safari ya kilomita 50, kukaa hewani saa 5 na kupanda mita 1,000. Beji ya dhahabu hudai kilomita 300 na kupanda mita 3,000, na moja ya almasi hudai kilomita 500. Katika mambo hayo yote hakuna mafuta ya kuongeza. Kuna kimo tu, nacho hutumika kila sekunde.

Tuanze na hesabu, kwa sababu dhana nyingi huangukia hapo. Muda wa safari umegawanyika sehemu mbili: kupanda kwa kuzunguka, ambako kilomita haziongezeki, na kunyoosha njia kati ya mkondo na mkondo, ambako kimo kinaliwa. Ukitaka kasi ya wastani, chukua kasi ya kunyoosha njia, zidisha kwa kiwango cha kupanda, kisha gawanya kwa jumla ya kiwango cha kupanda na kiwango cha kushuka. LS4 isiyobeba maji ya kuongeza uzito, ikienda kilomita 150 kwa saa, hushuka takriban mita 1.44 kwa sekunde. Ikipata mikondo inayoipandisha mita 2 kwa sekunde, wastani wake unakuwa kama kilomita 87 kwa saa. ASK 21 katika mikondo hiyohiyo, ikienda kasi inayoifaa ya kilomita 130 hivi, hupata wastani wa 75. Tofauti ni kilomita 12 kwa saa, na tofauti hiyo ndiyo iliyolipiwa.

Sasa mchukue rubani wa ASK 21 anayeikataa mikondo ya mita 2 na kusubiri ile ya mita 3 kwa sekunde. Akinyoosha njia kwa kilomita 150, glaida yake ya shule, nzito na yenye viti viwili, hupata wastani wa kilomita 89 kwa saa. Amempita mwenye LS4. Mita moja kwa sekunde ya kupanda imefuta tofauti yote ya umbo la bawa, na ziada juu.

Jina lililobaki kwenye hesabu hii ni la Paul MacCready, Mmarekani aliyeshinda ubingwa wa dunia wa glaida mwaka 1956 kule Saint-Yan, Ufaransa. Kanuni yake inasema kadiri mkondo unaoutarajia mbele ulivyo na nguvu, ndivyo inavyokupasa kwenda kasi ukiuendea. Kompyuta za glaida za leo humwomba rubani aingize tarakimu ya mkondo anaoutarajia, nazo humpa kasi. Mtego umekaa hapo: wengi huingiza matumaini badala ya kile walichokipata kweli. Waliona variometa, kipimo cha kasi ya kupanda na kushuka, ikigonga mita 4 kwa sekunde mbili, wakaingiza 4. Lakini wastani wa mkondo ule tangu kuingia hadi kutoka, pamoja na mizunguko ya kuutafuta katikati, ulikuwa 1.8.

Tazama gharama ya kila kosa. Ukiwa na LS4 katika mikondo ya mita 2, ukapunguza kasi ya kunyoosha njia kutoka kilomita 150 hadi 130, wastani wako unashuka kutoka 87 hadi 86 tu. Kwenye safari ya kilomita 300 hizo ni dakika 2. Lakini angalia ulichopata: kutoka mita 1,000, kwa kasi ya 150 unafika kilomita 29, kwa kasi ya 130 unafika 35. Kilomita 6 za ziada ni nafasi ya kukutana na wingu moja au mawili zaidi, na kuliacha lile lisilofaa. Upande wa pili, ukikubali mkondo wa mita 1.5 badala ya 2 kwa kuogopa kuukosa mwingine, wastani unashuka hadi kama 77, na kilomita 300 zilezile zinakula dakika 27 hivi zaidi. Dakika 2 kwa 27. Anayekimbia sana kati ya mikondo hufika chini, akifika chini hulazimika kuchukua chochote, na chochote huwa ni ule mkondo wa mita 1. Kasi yake ndiyo iliyomchelewesha.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kuchagua mkondo na kuupanda vizuri. Wingu la kumulasi, lile la mafungu kama pamba, linalofaa ni lile changa, lenye tumbo bapa, jeusi na kingo zinazoonekana wazi. Likianza kuchanika na kupata rangi ya kahawia, mkondo wake umekwisha hata kama wingu bado ni kubwa. Wingu kubwa lililotanda huwavutia wengi, kumbe linatia kivuli ardhi yake na kuuzima moto uliolizaa. Pasipo mawingu, tazama kisulisuli cha vumbi, moshi unaoinama kuelekea mahali pamoja, miteremko iliyokabili jua, na ndege wanaozunguka bila kupiga mabawa.

Ukiingia, zunguka kwa mwinamo wa kutosha. Kwa mwinamo wa nyuzi 30 na kasi ya kilomita 90, nusu kipenyo cha duara lako ni mita 110. Kwa nyuzi 40 na kasi ya 95, ni mita 85. Mwinamo huo mkali zaidi unaigharimu glaida ya aina hii mita 0.15 hivi za ziada za kushuka kila sekunde, lakini unakusogeza mita 25 karibu na kiini, na katika mikondo myembamba kiini kinapanda kwa kasi kubwa kuliko kingo. Wanaotoka kwenye mafunzo huzunguka kwa nyuzi 25 wakidhani wamepanda polepole kwa sababu siku ni dhaifu. Mzunguko mmoja wa nyuzi 40 huchukua sekunde 20. Baada ya mizunguko miwili kipimo cha wastani kimeshasema ukweli: kama kiko chini ya kile unachopata siku hiyo, na bado una kimo, ondoka. Kuondoka kuna ugumu wake, maana rubani ameshika kitu kinachopanda na anaombwa akiachie.

Uchaguzi huo lakini hutegemea kimo. Ikiwa mawingu yako mita 2,000 juu ya ardhi, theluthi ya juu ni mahali pa kuringa: kataa kila kilicho chini ya kiwango cha siku. Theluthi ya kati, kubali wastani. Chini ya hapo, badilisha kazi. Lengo sasa ni kubaki hewani, kasi ishuke karibu na ile ya mtelezo mrefu, na njia ielekezwe kwenye ardhi ya kutua badala ya lengo la safari. Marubani wengi wazuri hushindwa siku si kwa kuruka vibaya bali kwa kuchelewa kubadilisha kazi hii kwa dakika tatu.

Kuna viumbe wanaoifanya kazi hii bila mtelezo mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanabiolojia Mwingereza Colin Pennycuick aliwafuata tumbusi wa Serengeti akiwa ndani ya glaida yenye injini ndogo, akapima jinsi wanavyosafiri. Uwiano wa mtelezo wa tumbusi mgongo mweupe ni kama 15 kwa 1, chini ya nusu ya ASK 21. Hata hivyo hupaa safari ndefu kutafuta mizoga na kurudi, kwa sababu huzunguka polepole katika duara dogo linalokaa lote ndani ya kiini, na kwa sababu humtazama mwenzake aliye mbele akipanda kabla ya kujitosa. Hakuna rubani wa glaida anayeweza kuiga duara lao. Kutazama aliye mbele anaweza.

Kinachowadanganya zaidi wamiliki wapya wa glaida bora ni hewa inayoshuka. Mtelezo wa 40 umepimwa katika hewa iliyotulia. Kati ya mikondo hewa haijatulia. Kilichopanda mahali pamoja kinashuka mahali pengine. Ukipita katika hewa inayoshuka mita 2 kwa sekunde, ukiwa na kasi ya kilomita 100, LS4 inakuwa na uwiano wa 10. ASK 21 katika hewa hiyohiyo inakuwa na 9.6 hivi. Wakati ule ambao rubani anaihitaji sana faida aliyoilipia, faida hiyo karibu yote haipo. Dawa ni kuongeza kasi na kuhama njia: kwa kilomita 130 LS4 hufikia uwiano wa 12, na kugeuza nyuzi 30 kushoto au kulia mara nyingi hutoa glaida kwenye safu ya hewa mbaya iliyojipanga kufuata upepo. Kunyoosha mbele kwa sababu kompyuta inaonyesha mstari ni kuutafuta msiba.

Upepo wa mbele nao ni hivyohivyo. Kwa kasi ya kilomita 120 LS4 ina uwiano wa 38 hivi. Upepo wa kilomita 30 ukikujia usoni, kwa ardhi unabaki 29. Ndiyo maana kwa kupanga sehemu ya kutua, tumia nusu ya uwiano ulioandikwa kitabuni. Chukua kimo chako juu ya ardhi, ondoa mita 300 za kufanyia mzunguko wa kutua, zidisha kilichobaki kwa 20. Ukiwa mita 1,000, unaweza kuhesabu shamba lililo kilomita 14, basi. Kwa ASK 21 kwa hesabu hiyohiyo ni kilomita 12. Baada ya biashara yote ile, tofauti ya uhakika ni kilomita 2.

Kutua nje ya uwanja ni jambo la kawaida katika safari za masafa, na halistahili kuitwa ajali. Linakuwa ajali pale uamuzi unapochelewa. Vimo vinavyofundishwa Uingereza na kwingineko vinafanana: ukifika mita 600 juu ya ardhi uwe juu ya eneo lenye mashamba yanayofaa, mita 450, uwe umechagua shamba moja na kulikagua, mita 300, uwe umeanza mzunguko wa kutua, na kuanzia hapo mkondo wowote utakaojitokeza si wako tena. Mwenye glaida yenye mtelezo mrefu hufika mita 450 akiwa bado anasema kijiji kile cha mbele kina jua. Chelewachelewa, utamkuta mwana si wako: kwenye mita 250 mashamba mazuri yako nyuma, yaliyobaki ni mteremko na nyaya za umeme.

Ukaguzi wa shamba una mambo yake. Urefu: mita 300 zisizo na kizuizi mwanzoni ni kiwango cha kustarehesha kwa glaida ya mita 15, na miti mirefu kwenye njia ya kuingilia hula takriban mara kumi ya kimo chake. Mteremko: ukiuona kutoka juu, ujue ni mkali, tua kupanda kilima hata kama upepo mdogo uko nyuma. Uso: mabua ya ngano iliyovunwa ni bora, udongo uliolimwa karibuni unakubalika ukitua sambamba na matuta, mimea inayofika kiunoni ni hatari, kwa kuwa ncha ya bawa hunaswa, glaida huzunguka ghafla na mkia hukatika. Nyaya hazionekani, nguzo zinaonekana, kwa hiyo tafuta nguzo. Uzio wa umeme wa mifugo hugawa shamba ambalo kutoka juu ni moja, na ishara yake ni rangi mbili za majani. Ng'ombe wakikusanyika upande mmoja, mstari ulionyooka wanapoishia ni uzio.

Halafu ardhi inapokaribia, glaida bora huanza kudai fidia. Ukinzani wake wa hewa ni mdogo, kwa hiyo haitaki kutua. Kuingia kwa kilomita 100 kwa saa badala ya 90 kunaongeza nishati ya kusimamishwa kwa asilimia 23, na glaida itaelea juu ya nusu nzima ya shamba. Rubani aliyezoea uwanja wa mita 1,000 hajawahi kuliona hilo kama tatizo. Na aliyechelewa, akigeukia shamba akiwa mita 100, huona ardhi ikikimbia, huhisi ana kasi nyingi kumbe ni upepo wa nyuma, hukanyaga pedali kumalizia kona bila kuongeza mwinamo, bawa la ndani linaacha kubeba na glaida inaporomoka ikizunguka. Katika kimo hicho hakuna pa kuikamatia. Hii ndiyo aina ya ajali ninayoihofia kuliko zote katika mchezo huu, na mbegu yake hupandwa pale mita 450, wakati kila kitu bado ni kizuri.

Flapu, vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyopandishwa na kushushwa, zinaongeza mambo. ASW 20, glaida yenye flapu, na nduguze huanza kuondoka flapu zikiwa juu ili eleroni, vibao vya karibu na ncha za mabawa vinavyoinamisha glaida, zishike mapema, kisha zinashushwa glaida ikishika kasi. Wakati wa kutua flapu zikishashushwa kikamilifu, zisirudishwe juu karibu na ardhi hata kama umeona utagusa ardhi kabla ya kufika shambani: bawa linapoteza ubebaji papo hapo na glaida inazama. Punguza breki za hewa, vibao vinavyoinuka juu ya bawa kuongeza kushuka, badala yake. Gurudumu linalokunjwa lina ukaguzi wake kabla ya mzunguko wa kutua, na anayefanya mzunguko kwa haraka huusahau.

Maji ya uzito yanapendwa sana na wageni, na hapa ninashauri subira. Glaida ya kilo 350 ikiongezwa lita 150 kwenye mabawa hufika kilo 500. Mtelezo wake mrefu haubadiliki, ila unapatikana kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 20: badala ya kilomita 100, ni 120. Siku yenye mikondo ya mita 3 hiyo ni faida ya wazi. Lakini kwenye mwinamo uleule wa nyuzi 40, nusu kipenyo kinatoka mita 85 hadi 121, na kushuka kunaongezeka kwa asilimia 20. Mikondo ikiwa chini ya mita 2, mwaga. Kabla ya kutua nje, mwaga pia, na anza mapema kwa sababu tangi hutumia dakika kadhaa kuisha. Hakikisha pande zote mbili zinatoka. Bawa moja likibaki na maji huangukia upande huo mara tu kasi inapopungua. Kwenye glaida zenye tangi la mkiani hatari ni baridi: valvu ya mkia ikiganda na mabawa yakamwagwa, kitovu cha uzito kinarudi nyuma na glaida inakuwa ngumu kutoka kwenye mzunguko wa kuporomoka. Mkia humwagwa kwanza au pamoja na mabawa, kamwe usibaki peke yake.

Hatari nyingine haina uhusiano na hewa. Glaida ya masafa huishi ndani ya trela, na huungwa kila siku inaporuka. Aina nyingi za zamani hazijiungi zenyewe: fimbo za eleroni na breki lazima ziunganishwe kwa mkono ndani ya tundu dogo nyuma ya chumba cha rubani, na ile ya eleveta, kibao cha kupandisha na kushusha pua, kule mkiani, kwa viungo vya L'Hotellier ambavyo ni kikombe kinachomeza gololi. Kiungo kinaweza kuonekana kimekaa kumbe kimeegemea tu. Baada ya kukifunga, kivute kwa nguvu, kisha tumbukiza pini ya usalama kwenye kitundu chake. Pini isipoingia, kiungo hakijafunga. Halafu fanyeni ukaguzi wa kushikana: mmoja anashika eleroni kwa kiganja, mwenzake ndani anasukuma fimbo ya usukani, na aliye nje anasema "nasikia nguvu" kwa kila upande. Eleveta vilevile, breki vilevile. Kuna watu wamekufa kwa eleveta ambayo haikuunganishwa, na glaida iliondoka ardhini vizuri kabisa. Anayeunga asisemeshwe. Akisemeshwa, aanze upya tangu pini ya kwanza.

Afrika ina nafasi yake ya kweli katika mchezo huu. Bitterwasser, pembezoni mwa Kalahari nchini Namibia, huwavuta marubani wa Ulaya kuanzia Novemba hadi Januari, na wengi huleta glaida zao ndani ya makontena. Mawingu hukaa mita 4,000 hadi 5,000 juu ya bahari, mikondo ni mikali, na kilomita 1,000 kwa siku moja ni safari ya kawaida kiasi kwamba anayeifikia hapo mara ya kwanza hupandiwa mtende kwenye njia ya uwanja. Lakini huko ndiko tofauti ya kuchagua mapema inapoonekana vizuri. Kati ya kiwanja cha shamba moja na kingine ni vichaka vya miiba, na alasiri ngurumo za mvua husukuma ukuta wa vumbi na upepo unaoweza kuufikia uwanja wa nyumbani kabla yako. Anayeruka huko hupanga kutoka kiwanja hadi kiwanja, na humaliza siku akiwa na saa moja ya akiba. Oksijeni hufunguliwa kabla ya kuhisi haja yake, kwa sababu anayepungukiwa nayo hujiona yuko sawa.

Kenya nako, kule Mweiga karibu na Nyeri, katikati ya milima ya Aberdare na Mlima Kenya, glaida zimeruka juu ya nyanda ambazo zina jua la ikweta na kimo kikubwa cha ardhi. Faida ya kimo ni mikondo. Hasara yake iko kwenye kutua. Uwanja ulio mita 1,800 juu ya bahari, siku ya nyuzi 25, hewa ni nyepesi kiasi kwamba kilomita 90 za kwenye kipimo cha kasi ni 102 za kweli juu ya ardhi. Kipimo kibaki palepale, 90, kwa kuwa bawa linajua kipimo. Ila shamba linalotosha ufukweni halitoshi pale, na nishati ya kusimamisha imepanda kwa zaidi ya robo. Kiwango cha juu cha kasi nacho hupungua kadiri unavyopanda, na jedwali lake limebandikwa mbele ya rubani.

Klabu nyingi humpa mtu glaida bora kwa kuhesabu saa zake. Mimi ningehesabu vingine. Awe ameshapata kilomita zake 50 kwa glaida ya shule au ya mtelezo mfupi, kwa sababu humo ndimo anapojifunza kuupanda mkondo. Awe amefanya chaguo la mashamba kumi akiwa na mwalimu ndani ya glaida yenye injini, akishuka hadi kimo kinachoruhusiwa kabla ya kuondoka tena, ili aone nyaya ambazo hakuziona kutoka mita 450. Awe ametua uwanjani kwake, kipimo cha kimo kikiwa kimefunikwa, na kusimama ndani ya mita 200 zilizowekewa alama, mara tano mfululizo. Kwa walio mbali na klabu yoyote, programu ya mwigo ya Condor inafundisha vizuri hesabu ya mikondo na kasi, ingawa hofu ya shamba halisi haifundishi.

Kisha kuna kumbukumbu ya safari. Kinasa safari cha glaida huandika mahali na kimo kila baada ya sekunde chache, na programu za bure hulisoma faili lake. Wengi hulifungua kutazama kilomita na kasi. Yatazamwe mambo mengine matatu: wastani wa kupanda kwa kila mkondo tangu kuingia hadi kutoka, mikondo mingapi iliachwa baada ya mizunguko miwili, na kimo juu ya ardhi pale ambapo glaida iliacha kuelekea lengo ikageukia mashamba. Kimo hicho cha tatu kikiwa chini ya mita 450 katika safari mbili mfululizo, mwalimu amrudishe rubani huyo kwenye glaida ya viti viwili, hata kama safari zote mbili aliokolewa na mkondo na kufika nyumbani.